MGONGO SI JINA LA UGONJWA

Ndugu wafanya kazi, wanaume kwa wanawake,

Leo hatuanzi na habari za mshahara. Twaanza na kile kinacholeta mshahara nyumbani, nacho ni mgongo.

Twajua wengine watacheka. Watasema Kamati imeishiwa na maneno, sasa yataka kutufundisha mgongo kana kwamba hatuujui. Ndugu, mwaujua sana. Mwaujua ninyi wapakizi wa mabohari, ninyi madereva wa malori, ninyi kina mama wachumaji wa majani ya chai, ninyi wachinjaji, na hata ninyi makarani mnaokaa kitini kutwa. Lakini someni mpaka mwisho. Chini ya neno hilo moja watu wanapoteza kazi, wanapoteza miguu, na wengine wanapoteza roho zao, na bwana wa kazi halipi hata senti.

KISA CHA MWENZETU

Mwenzetu mmoja, mpakizi wa magunia katika bohari ambayo hatuitaji, alianza kuumwa mgongo katikati, chini ya mabega. Akaenda zahanati ya kazini. Akaulizwa, "Wewe wafanya kazi gani?" Akajibu, "Nabeba magunia." Basi! Hapo maswali yakaisha. Kadi ikaandikwa neno moja tu, MGONGO, akapewa vidonge vya kutuliza maumivu, akarudi kazini mchana ule ule.

Baada ya wiki mbili alirudi. Kadi ikaandikwa MGONGO. Akarudi tena. MGONGO. Mara nyingine alidungwa sindano, mara nyingine akapewa mafuta ya kuchua. Hivyo hivyo kwa miezi mitano. Katika miezi hiyo alikonda mpaka akatoboa matundu mapya katika mkanda wa suruali. Usiku alitoka jasho hata mkewe akabadili shuka. Hakuna aliyemwuliza habari za jasho wala za kukonda. Naye mwenyewe hakusema, kwa kuwa alidhani mgongo ni jambo moja na jasho ni jambo jingine. Mnyapara akamwita mvivu mbele ya wenzake, na sisi wengine, twaona haya kusema, tulicheka.

Mwezi wa tano miguu yake ilianza kulegea. Akaanguka chini ya gunia. Wiki ile ile alipewa barua: HAFAI TENA KWA KAZI. Hakuitwa kusikizwa, wala chama hakikuarifiwa. Ndugu zake ndio waliompeleka hospitali ya serikali, na huko akapigwa picha na kupimwa. Akaambiwa ana kifua kikuu cha uti wa mgongo. Pingili mbili zilikuwa zimekwisha kuliwa.

Leo anatumia dawa na anatembea kwa fimbo. Madaktari wasema kama angalipimwa mwezi wa kwanza au wa pili, pengine angaliendelea kubeba watoto wake mabegani.

Ndugu, twauliza: ni kitu gani kilichomvunja mtu huyu? Vijidudu vya kifua kikuu, ndiyo. Lakini vijidudu vilipewa miezi mitano ya kula bila kusumbuliwa, na kilichovilinda ni neno moja katika kadi.

NENO MOJA LENYE MAFICHO MAWILI

Mtu akiumwa kichwa, hakuna daktari mwenye akili atakayeandika KICHWA akamaliza. Atauliza: ni malaria? ni macho? ni shinikizo la damu? Lakini mfanya kazi akisema mgongo, wanaandika mgongo. Twawaambia wazi: MGONGO NI MAHALI, SI UGONJWA. Ni kama kuandika "Mombasa" katika barua ukadhani umetaja jina la mtu na nyumba anayokaa.

Neno hilo linawafaa sana mabwana wa kazi, kwa sababu ni maficho ya mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, ni maficho ya magonjwa ambayo hayakutoka katika mzigo hata kidogo, nayo huendelea kukua huku mtu akimeza vidonge. La pili, ni maficho ya majeraha yaliyotoka katika mzigo, ambayo sheria yaamuru yalipwe.

Angalieni ujanja wake. Mtu akiomba kupimwa, anaambiwa, "Hayo ni maumivu ya kazi tu, kila mpakizi anayo, rudi kazini." Mtu yule yule akidai fidia, anaambiwa, "Hayo si ya kazi, ni uzee, umekuja nayo kutoka kwenu." Asubuhi mgongo ni wa kazi, jioni mgongo ni wa uzee! Ikiwa ni wa kazi, mlipeni. Ikiwa si wa kazi, mpimeni. Hakuna njia ya tatu.

YALIYOMO NDANI YA MGONGO

Ili tusidanganywe tena, yafaa tujue. Uti wa mgongo ni pingili nyingi za mfupa zilizopangwa moja juu ya nyingine. Katikati ya pingili na pingili mna kisahani laini kinachopokea uzito. Ndani ya pingili hupita mshipa mkuu wa fahamu unaotoka katika ubongo, na kutoka humo matawi huenda mikononi, miguuni na katika kibofu. Kando zake mna misuli na mishipa ya kukaza. Mbele yake mna figo, matumbo, kizazi na mshipa mkubwa wa damu. Kwa hiyo kila kinachoharibika katika jirani hao wote chaweza kupiga hodi mgongoni.

Twasema kweli kabla ya kusema kali. Watu wengi wanaoumwa kiuno, yapata 9 katika kila 10, hawana ugonjwa wa kuogopesha ndani. Ni misuli na viungo vilivyochoka au kuteguka, na wengi hupata nafuu katika wiki chache. Mtu wa namna hiyo hafai kulala kitandani mwezi mzima. Yafaa aendelee kutembea na kufanya kazi nyepesi mpaka apone. Wala si kila mmoja anayehitaji kupigwa picha. Lakini je, mtu wa kumi? Na ni nani atakayemjua yule wa kumi katika foleni ikiwa hakuna anayeuliza? Haya ndiyo baadhi ya magonjwa ya mtu wa kumi:

Kwanza, KIFUA KIKUU CHA UTI WA MGONGO. Wengi wafikiri kifua kikuu ni kukohoa tu. Sivyo. Vijidudu vyaweza kusafiri kwa damu vikakaa katika pingili, na mtu asikohoe hata siku moja. Maumivu huja polepole, wiki baada ya wiki, pamoja na homa ya jioni, jasho la usiku na kukonda. Baadaye mgongo hutokeza nundu, na miguu hulegea. Daktari Mwingereza Percivall Pott aliueleza ugonjwa huu kwa maandishi mwaka 1779. Basi si jambo geni. Zahanati imekuwa na zaidi ya miaka 200 ya kuusikia. Dawa zake ziko, na katika hospitali za serikali hapa Kenya hutolewa bure. Huchukua miezi mingi, mara nyingi 12, lakini zaponya. Mwenye virusi vya UKIMWI yafaa aangaliwe mapema zaidi, maana mwili wake huvamiwa upesi na kifua kikuu.

Pili, BRUSELA. Huu hutoka kwa ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia. Wenzetu wa machinjio, wakamuaji wa maziwa na wachungaji, sikizeni. Huingia kwa maziwa mabichi, au kwa damu na kondo la mnyama likigusa mkono wenye jeraha. Huleta homa inayokuja na kwenda, jasho, uchovu, na maumivu ya kiuno na viungo. Wengi hutibiwa malaria mara tatu, mara nne, bila kupona. Dawa zake ni za namna mbili pamoja, kwa wiki 6 au zaidi. Na hapa mzigo ni wa bwana wa kazi: mchinjaji anayetumbukiza mikono mitupu katika matumbo ya wanyama bila glavu, huyo ugonjwa wake watoka kazini kweli kweli.

Tatu, FIGO. Jiwe la figo huleta maumivu makali ya ubavuni yanayokuja kama mawimbi na kushuka mpaka kinenani, na mkojo huweza kuwa na damu. Anayetoka jasho kutwa bila kunywa maji ya kutosha yu karibu nalo zaidi. Figo zikiingiwa na vijidudu, huja homa na baridi ya kutetemesha. Sasa fikirini mahali ambapo mnyapara huhesabu mara ngapi mtu amekwenda kunywa maji na mara ngapi amekwenda msalani!

Nne, SARATANI. Wazee wetu waliopita miaka 50, msione haya. Saratani ya tezi dume hupenda kukimbilia mifupa ya mgongo, na wengine huijua kwa maumivu ya mgongo kabla ya kujua jambo jingine. Kina mama, saratani ya matiti nayo huweza kwenda katika mifupa, na ya shingo ya kizazi ikichelewa huumiza kiuno. Maumivu yasiyotulia hata ukilala, yanayokuamsha usiku, si maumivu ya gunia. Gunia huumiza ukilibeba. Halikufuati kitandani kila usiku kwa miezi.

Tano, KISAHANI KILICHOTOKEZA. Huu ndio ugonjwa ambao mzigo una mkono ndani yake mara nyingi. Kisahani hupasuka au hutokeza na kubana tawi la fahamu, na maumivu hushuka matakoni, pajani, mpaka chini ya goti, pamoja na ganzi. Wengi hupona bila kupasuliwa, ikiwa watapunguziwa mzigo. Lakini ikiwa kisahani kikubwa kimebana matawi yote ya chini, mtu hushindwa kukojoa au hajui anapojikojolea, na sehemu za siri na mapaja kwa ndani hufa ganzi, kama vile amekalia tandiko. HUYO NI WA KUPELEKWA HOSPITALI KUBWA SAA ILE ILE. Akingoja mpaka Jumatatu dresa arudi, huenda asipate tena kuwa mtu wa kutembea na wa kuzaa.

Sita, mengine twayataja kwa kifupi. Selimundu, ambayo iko sana Pwani na pande za Ziwa Viktoria, huleta maumivu makali ya mgongo na mifupa. Mama wa umri mkubwa huweza kuvunjika pingili kwa kujikwaa tu, maana mifupa imepungukiwa. Mzee mvutaji wa sigara akipata maumivu ya ghafula ya tumbo na mgongo pamoja na kizunguzungu, huenda mshipa mkubwa wa damu wapasuka. Hapo hata dakika ni mali. Na mama mja mzito ambaye mgongo wake wauma kwa vipindi na tumbo lakaza kabla ya miezi kutimia, huyo si wa kuambiwa amalize kikapu cha majani kwanza.

Je, ndugu, magonjwa yote haya yaweza kutibiwa kwa kidonge kimoja? Yaweza kuandikwa kwa neno moja?

MAJIBU YAO NA MAJIBU YETU

Wasema, "Hatuwezi kumpiga picha kila anayeshika kiuno." Hatukuomba hivyo. Twaomba maswali na mikono. Umeanza lini? Wauma usiku? Una homa? Umekonda? Wakojoa vizuri? Una ganzi? Umewahi kuwa na saratani au kifua kikuu? Kisha mvue shati, mguse pingili, mpime nguvu za miguu. Ni kazi ya robo saa. Mashine ya bohari ikilia vibaya, fundi huitwa na huifungua. Hawaipaki mafuta miezi mitano wakaiita mvivu.

Wasema, "Hata makarani huumwa mgongo, basi si kosa la magunia." Ni kweli kwamba makarani huumwa. Shirika la Afya la Ulimwengu lasema kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba hakuna jambo linalowalemaza watu wengi kuliko hilo. Lakini hoja hii yawageukia wenyewe. Ikiwa karani huumia kwa kiti kibaya, na dereva huumia kwa kutikiswa na lori kutwa, mtu mwenye gunia kichwani atasalimika kwa nini?

Wasema, "Tumewapa mikanda ya kiuno." Ah, mikanda! Walipiga picha siku ya kuigawa, wakashikana mikono. Basi wasikie: taasisi ya utafiti ya serikali ya Marekani inayohusika na usalama wa kazi ilisema tangu mwaka 1994 kwamba haikuona ushahidi kuwa mikanda hiyo yamkinga mfanya kazi mzima asiumie. Na mwaka 2023 Shirika la Afya la Ulimwengu, katika maongozi yake juu ya maumivu ya kiuno ya muda mrefu, lilishauri mikanda isitumiwe kuwa matibabu ya kawaida. Mkanda haupunguzi hata kilo moja ya gunia. Hutia moyo wa uongo, ukabeba zaidi. Hatukatai zawadi, lakini tulidai gunia jepesi, tukafungwa mkanda.

Wasema, "Dawa twatoa." Naam, na dawa yenyewe ni ile ile. Vidonge kama diklofenaki na ibuprofeni vina faida yake kwa siku chache. Vikimezwa miezi na miezi bila kuangaliwa, huleta vidonda vya tumbo na huharibu figo. Kwa hiyo mtu aliyeingia zahanati na mgongo mmoja aweza kutoka na magonjwa matatu.

Methali ya wazee yasema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyeketi ofisini huona gunia letu kama usufi.

UZITO WENYEWE

Hebu tufanye hesabu. Gunia la saruji au la sukari ni kilo 50. Mpakizi akibeba magunia 200 kwa zamu, amebeba kilo 10,000, yaani tani 10, kwa shingo na kiuno chake. Shirika la Kazi la Ulimwengu lilishauri tangu mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55, na mwanamke apewe mzigo mwepesi kuliko huo kwa mbali. Wataalamu wa Marekani walikwenda chini zaidi: mwaka 1991 walikadiria kwamba hata kazi ikipangwa vizuri kabisa, mzigo wa kuinua usipite kilo 23.

Na sisi je? Nendeni sokoni mkaone lumbesi ya viazi, gunia lililoongezwa kilemba cha wavu mpaka likapita kilo 100. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zasema mfuko usizidi kilo 50. Mlanguzi aendelea kumnyonya mkulima kwa kipimo hicho cha uongo, na mpakizi ndiye anayelipa kwa pingili zake. Ndugu, lumbesi moja humwibia mkulima na kumvunja mpakizi kwa wakati mmoja.

LAWAMA YETU WENYEWE

Chama kisichojilaumu ni chama cha kujisifu. Sisi nasi tuna makosa.

Twajisifu kwa kubeba mawili mawili ili tupate shilingi za ziada, na kijana anayekataa twamwita mwanamke. Maneno hayo ni ya kipumbavu mara mbili, maana mama mchuma chai aliyejitwika kikapu tangu alfajiri amebeba kuliko wengi wetu.

Twaficha ugonjwa tusije tukaachishwa kazi. Mficha maradhi, kilio humfichua. Twanunua vidonge dukani kwa mtu asiyejua hata jina letu. Twaenda kukandwa na kukanyagwa mgongo na watu wasiojua kama pingili imeoza au la. Kuchuliwa kwa mtu mwenye misuli iliyochoka huenda kukamtuliza. Kumkanyaga mwenye kifua kikuu cha mfupa ni kumvunja.

Na sisi wa Kamati tumekuwa tukisaini mapatano ya mishahara bila kuandika ndani yake hata kilo moja. Baba zetu waliogoma Kilindini mwaka 1947 na mwaka 1955 walituachia njia. Walituachia njia ya kuendelea nayo, wala si ya kulala.

SHERIA IKO, YALALA KABATINI

Ndugu, hatuombi sadaka. Haya yameandikwa katika sheria za Kenya:

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamkataza mwenye kazi kumbebesha mfanya kazi mzigo ambao kwa uzito wake waelekea kumwumiza. Yaamuru pia maji safi ya kunywa, na kwamba penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, ambamo wafanya kazi wana wajumbe wao.

Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yasema aliyeumia kazini atibiwe kwa gharama ya mwenye kazi, alipwe wakati hawezi kufanya kazi, kwa muda usiozidi miezi 12, na akilemaa kabisa fidia yake ni mshahara wa miezi 96. Mwenye kazi, akiisha kupata habari ya ajali, lazima amwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika siku 7. Madai yaletwe kabla ya miezi 12 kupita. MIEZI KUMI NA MIWILI! Wangapi wameipitisha wakimeza vidonge?

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo likizo ya ugonjwa, siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara, kwa uchache, kila mwaka. Na yasema mtu asiachishwe kazi kwa sababu ya udhaifu wa mwili kabla ya kuelezwa sababu na kusikizwa, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama kando yake. Basi ile barua ya HAFAI TENA KWA KAZI aliyopewa mwenzetu haikuwa sheria. Ilikuwa karatasi tu.

Tena, tangu Oktoba 2024 kila mwezi twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii. Fedha hizo ni zetu. Hatukukatwa ili tuandikiwe neno moja.

TWADAI

1. Kila mfanya kazi anayelalamika mgongo aulizwe maswali yote ya hatari, aguswe na kupimwa, na majibu yaandikwe katika kadi.

2. Akirudi mara ya tatu bila nafuu, au wiki 6 zikipita, apelekwe hospitali kwa daktari, kwa gari na gharama ya mwenye kazi. Mwenye dalili ya hatari asingoje hata mara ya pili.

3. Kadi iandikwe siku, saa, kazi aliyokuwa akiifanya na uzito wa mzigo. Mfanya kazi apewe nakala.

4. Mizigo yote ipimwe, na uzito uandikwe juu yake. Lumbesi isiingie katika bohari lolote tunalofanya kazi. Mzigo wa kilo 50 uletewe mkokoteni, mashine, au watu wawili.

5. Kazi nyepesi kwa anayepona, kwa mshahara ule ule.

6. Mwenzetu tuliyemtaja alipwe haki zake, na barua yake ifutwe. Faili lake liko mezani petu, nasi hatutalifunga.

DALILI ZA KUKATWA NA KUWEKWA KATIKA KOFIA

Ukiwa na maumivu ya mgongo pamoja na moja katika haya, usikubali vidonge na kurudi kazini. Dai kupimwa, ukamwite mwakilishi wa chama:

- homa, jasho la usiku, au kukonda bila sababu;
- maumivu yasiyotulia ukilala, au yanayokuamsha usiku;
- nundu mpya katika mgongo;
- miguu kulegea au ganzi inayozidi;
- damu katika mkojo;
- umewahi kuugua saratani au kifua kikuu;
- maumivu mapya nawe umepita miaka 50;
- umeanguka au umeangukiwa na mzigo.

Na ukishindwa kukojoa, au sehemu za siri zikifa ganzi, au miguu ikakataa: HOSPITALI SASA HIVI, hata kama ni usiku wa manane, hata kama mnyapara hajatoa ruhusa.

Ukiumia kazini, sema siku ile ile mbele ya shahidi. Hakikisha imeandikwa. Kisha njoo ofisi ya chama na nakala yako.

Ndugu, tulimcheka mwenzetu akiwa anaoza mfupa. Hatuwezi kuyarudisha maneno yetu, lakini twaweza kuhakikisha kwamba hapana mwingine atakayechekwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na pingili iliyoliwa haina fundi wa kuijenga upya kama ilivyokuwa. Siku ya mkutano wa tawi njoni wote, kila mtu na kadi yake ya zahanati mkononi. Tutazipanga juu ya meza moja, tuhesabu mbele ya mwenye kazi: neno MGONGO limeandikwa mara ngapi, na mara ngapi mtu ameguswa.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wenu,
KAMATI